Kliniki ya Siku za Mbalamwezi

Alhamisi, jioni. Jua limewaka kutwa nzima na ziwa limetulia kama maji ya kwenye beseni. Miguu inaniuma hadi nyonga, sauti imekauka, na hapa nyumbani Mabatini jirani yangu kafungulia redio mpaka bati langu linatetemeka. Siku nyingine ningeshamgongea ukuta. Leo namwacha aimbe, maana hata mimi nina la kuimba.

Tumeshinda, jamani.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Nikirukia kwenye furaha nitajisahaulisha aibu, na aibu yenyewe ni yangu mwenyewe, sikuazima kwa mtu.

Mimi ni nesi wa zahanati moja upande wa Kigongo. Kila Jumanne ya pili ya mwezi tulikuwa tunafunga sanduku la chanjo kwenye pikipiki, tunabeba mzani wa watoto na mashine ya presha, halafu tunateremka mwaloni kutoa huduma ya mkoba. Mwalo ni pale mitumbwi ya dagaa inapopakulia: mchanga, chanja za kuanikia, banda moja kubwa la bati, na watu wengi sana ambao maisha yao yote yako kwenye dagaa. Zahanati iko mbali nao, ndiyo maana sisi tunawafuata. Kwenye karatasi inapendeza.

Kwa miaka mitatu tuliwafuata, na kwa miaka mitatu hawakuja.

Waliokuja ni akina mama kumi na kitu wa kule juu barabarani, wake za walimu na wenye maduka. Kadi zao zimevalishwa nailoni, watoto wamepakwa mafuta hadi wanang'aa. Nawapenda wale akina mama, lakini tuseme ukweli, hata nisipoteremka watapanda bodaboda na kufika zahanati kabla ya chai. Wanawake wa dagaa, hatua hamsini tu kutoka mezani kwangu, hawakuinua hata shingo.

Mimi nikirudi ofisini nilikuwa naandika kwenye ripoti: mwamko wa jamii ni mdogo.

Nimeandika sentensi hiyo sijui mara ngapi. Mwandiko wangu mzuri kabisa, kalamu ya bluu, na mstari chini yake ili wakubwa waione. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mwanamke atembee na mtoto mwenye homa kando ya meza ya nesi bila kusimama. Nilishaamua hawajitambui. Ni rahisi sana kuwaamulia watu ukiwa umekaa kwenye kiti.

Siku iliyonivua nguo ilikuwa Jumanne kama zile nyingine. Nilichukua kipaza sauti nikaanza kuhubiri: akina mama, afya ni mtaji, njooni mpime, huduma ni bure. Wakaendelea kuinama. Nikaongeza sauti. Ndipo Mama Kulwa akaja mezani, mikono yake imejaa magamba mpaka kwenye viwiko.

Mama Kulwa ndiye mwenyekiti wa kikundi cha waanikaji. Mwanamke wa makamo, mnene, mama wa mapacha, na ana sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya maji ukageuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu akaniuliza kwa upole ambao ulinichoma kuliko tusi.

"Hivi nesi, mwanangu, wewe ukiwa umeshika sindano, mtoto yuko mapajani mwako, nikija nikakwambia acha hiyo twende ukaanike dagaa, utakuja?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanishika mkono, na magamba yake, akanipeleka kwenye chanja. Akanionyesha. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi kwenye giza tu. Siku za giza mitumbwi inarudi alfajiri, dagaa wanamwagwa, na kuanzia hapo mwanamke hana mkono wa ziada. Awatandaze kabla jua halijapanda, awageuze, awafukuze yangeyange na ndege wengine, aangalie wingu, awakusanye likija tone. Ukiondoka kwa muda wa saa mbili tu wameoza au wameliwa. Mimi nilikuwa nafungua kliniki saa mbili asubuhi na kufunga saa nane mchana. Haki ya Mungu, hata ningetafuta kwa makusudi saa mbaya kuliko zote nisingeipata nzuri hivyo.

"Lakini kukiwa na mbalamwezi," akasema, "dagaa haoni taa yetu, na sisi hatuendi. Siku hizo tunakaa."

Siku hizo wanakaa! Miaka mitatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

Nililala na maneno yale. Tulikuwa tumewapa watu wote siku moja na saa moja, mke wa mwalimu na mwanika dagaa, tukaona hiyo ndiyo haki. Kumbe tulikuwa tunampa tena yule yule aliyekwisha kupata, na yule asiye nacho tunamwandikia ripoti.

Nikaenda kwa mganga mfawidhi, bosi wangu. Si mtu mbaya. Ni mtu wa ratiba. Ratiba yake iko ukutani, ameipiga muhuri, na chanjo zinatolewa kwa kuifuata. Nilimwomba tuhamishe siku ya mwalo ifuate mbalamwezi badala ya Jumanne. Akavua miwani, akanitazama kama vile nimemwomba tuhamishe zahanati yenyewe. Baada ya kuzungushana wiki mbili akakubali tujaribu.

Sasa sikia ujinga wangu mwingine.

Sikurudi kwa Mama Kulwa. Nilijiona nimeshaelewa. Nikafungua simu, nikatafuta siku ya mwezi mpevu, nikaizungushia duara kwenye kalenda. Mbalamwezi si mbalamwezi? Nikateremka na Sophia, mwenzangu wa chanjo, tumebeba kila kitu, hata viti vya kuazima kanisani.

Mwalo ulikuwa mtupu.

Mitumbwi imevutwa juu, chanja hazina kitu, mbwa wanalala katikati ya njia. Walikuja watu saba, na wanne kati yao ni wazee waliotaka kujua kama nina dawa ya mgongo. Hata wale wa barabarani hawakuja kwa sababu nilisahau kuwaambia kwamba siku imebadilika. Nikampigia Mama Kulwa. Alikuwa Ukerewe, kwa mama yake.

Alicheka mpaka akakohoa. "Nesi! Mwezi ukishakuwa mpevu sisi tuko makwetu. Mwingine Ukerewe, mwingine Magu, mwingine Musoma huko. Umekuja kuwapima mbwa presha?"

Sophia alicheka njia nzima. Mimi sikucheka. Machozi yalikuwa karibu kabisa.

Bosi naye hakucheka. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia sababu. Kuna vijiji viwili vinaomba huduma ya mkoba na hatuna pikipiki ya pili. Akitazama daftari la mwalo haoni sababu ya kuendelea. Atanipa mara moja tu ya mwisho. Wakifika thelathini tunaendelea. Wasipofika, mwalo unafutwa kwenye orodha, anayetaka huduma atapanda mwenyewe. Siwezi kusema alikosea. Mimi ndiye niliyemjazia ripoti zilizomfanya aamini kwamba watu wale hawataki.

Safari hii nilikwenda kuuliza. Nilikaa kwenye mchanga na sare yangu ya kazi, nikamwambia Mama Kulwa kila kitu, hadi lile neno mwamko. Nilitegemea anitukane. Akasema, "Basi mimi ndiye niliyesema huyu nesi ana dharau, na wewe ukasema sisi hatujitambui. Tumelingana. Haya, tupange."

Akanieleza kwamba siku nzuri ni ile ya mwisho mwisho wa mbalamwezi, wakati watu wamesharudi kutoka makwao, wanashona nyavu na kukagua taa, lakini hawajaingia majini. Siku mbili, tatu tu. Hazipo kwenye simu yako, akaniambia, zinategemea upepo na watu wenyewe. Nitakupigia.

Nikangoja simu. Jamani, nimewahi kungoja matokeo ya mtihani wa uuguzi, lakini hii ilinitesa zaidi. Jana saa tano asubuhi akapiga. Neno moja tu: "Kesho."

Kwa hiyo leo.

Tulifika saa mbili kasoro. Nikiwa bado kwenye pikipiki nikaona banda lote limejaa wanawake. Wamejaa kweli kweli, wamekaa chini, wamesimama, wamebeba watoto, wengine wameegemea nguzo. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Halafu nikasikia wanagombania nini, na moyo ukaanguka.

Hawakuja kwa ajili yangu hata kidogo.

Kumbe kila mwezi, kabla ya siku za giza kuanza, wanawake wanakutana kugawana nafasi za kuanikia. Chanja za katikati zinapata jua mapema na upepo mzuri, kila mtu anazitaka. Zile za mwisho, karibu na mawe, kivuli kinakaa hadi saa nne na dagaa wanachelewa kukauka. Asiyekuwepo kwenye mgao anapewa za mawe, na hana wa kumlalamikia. Siku hiyo hakosi mtu, awe mgonjwa, awe na msiba. Mama Kulwa, bila kuniambia, aliuhamishia mgao bandani, siku ya kliniki, saa ya kliniki.

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, mama, hawa wakishapata chanja wanaondoka. Akanipiga bega. "Weka vitu vyako, nesi. Weka, acha maneno."

Tukaweka. Mzani wa watoto tukauning'iniza kwenye boriti ile ile wanayopimia samaki. Meza ya chanjo upande wa ziwa, meza ya presha katikati. Mgao ukaendelea kwa kelele zote za dunia hii. Ulipoisha nikashika pumzi. Wanawake wakaanza kuinuka, wanajifunga khanga, wanachukua watoto.

Mama Kulwa akatembea hadi mezani kwangu, akakaa, akakunja mkono wa gauni. Mbele ya wote. Nikampima, nikarudia, presha yake ilikuwa juu. Nikainama kumnong'oneza, maana ni siri yake. Yeye akageuka akawatangazia mwenyewe: "Ipo juu! Ndiyo maana nawapigia kelele, mlidhani ni roho mbaya. Nani anafuata?"

Banda likalipuka kwa kicheko. Na mmoja akakaa. Na mwingine nyuma yake.

Nimefanya kazi hii muda mrefu na sijawahi kuona foleni kama ile. Sophia alichanja mpaka akaomba maji. Watoto wenye miaka miwili ambao hawakuwahi kuguswa na sindano wakapiga mayowe, mama zao wakawacheka huku wakijifuta macho. Mwanamke mmoja wa rika la mama yangu aliniambia hajawahi kupimwa presha tangu azaliwe, kisha akaniuliza kama inauma. Wanaume waliokuwa wanashona nyavu pale nje walianza kwa kuchungulia, wakaja wawili wakisukumana, baadaye wakawa na foleni yao. Wale akina mama wa barabarani nao walikuja, safari hii niliwaambia mapema, na wakapanga mstari nyuma ya wanawake wa dagaa bila hata mmoja kununa. Thelathini tuliipita kabla ya saa nne. Kadi zikaisha, tukaanza kuandika kwenye karatasi za daftari la shule.

Saa sita hivi akakaa Nyanjige.

Binti mdogo, ameolewa hapo mwaloni akitokea Magu, mimba yake ya kwanza, imeshaingia mwezi wa tisa. Kadi yake ina muhuri mmoja tu wa zamani. Nikamuuliza anajisikiaje. Vizuri, nesi. Miguu imevimba kidogo, ila ni kusimama. Kichwa kinauma siku ya tatu, ila ni jua. Na macho? Akasita. "Naona kama vimulimuli."

Nilijua kabla sijafunga kile kitambaa mkononi mwake. Presha ilikuwa juu mno. Mkojo nao ukathibitisha. Kifafa cha mimba kilikuwa kinamnyemelea pale pale, ameketi ananitabasamia, ameshika kikaratasi cha chanja aliyopewa, ya katikati, na anaifurahia.

Mikono yangu ilitulia, namshukuru Mungu. Nikamlaza ubavu, nikamchoma sindano ya kwanza ya kuzuia kifafa, Sophia akapiga simu ya gari la wagonjwa. Mama Kulwa akaondoa watu bila kupiga kelele, mara ya kwanza namwona akiongea polepole. Mume wa Nyanjige, Masanja, alikuwa hapo nje anashona nyavu. Alikuja mbio, sindano ya nyavu bado mkononi, anauliza afanye nini. Nikamwambia apande naye garini, asimwache hata dakika. Akapanda na miguu mitupu.

Gari lilipoondoka nilikwenda nyuma ya banda nikalia. Sikulia kwa huzuni wala kwa hofu peke yake. Nililia kwa hasira pia. Jumanne zetu zingempata Nyanjige ameinama kwenye chanja, mimi nimekaa kivulini napuliza kipaza sauti, na Masanja amelala fofofo baada ya kukesha majini. Angeanguka pale kwenye mchanga, hatua hamsini kutoka kwangu. Wangapi waliwahi kuanguka sijawahi kujua? Swali hilo nitalala nalo, na sistahili kulikwepa.

Nikanawa uso, nikarudi mezani. Foleni ilikuwa bado ndefu.

Tulifunga saa kumi. Mama Kulwa na wenzake walitufungia vitu kwenye pikipiki, wakatulisha ugali na sato ambaye sijui alitoka wapi. Mama mmoja akaniita binti yetu. Nimeitwa nesi miaka yote hii pale mwaloni, na mara nyingine majina mabaya kuliko hilo nikigeuza mgongo. Leo ni binti yetu. Sijui nitalivaaje jina hilo, ila silivui.

Saa kumi na mbili kasoro Masanja amenipigia. Wamempasua Nyanjige, mtoto katoka, wa kike, mdogo lakini analia kwa nguvu. Mama yake ameamka na ameomba uji. Masanja alikuwa anaongea Kisukuma na Kiswahili kwa pamoja, nusu sikuielewa, na sikuhitaji kuielewa. Nilipiga kelele humu ndani hadi jirani akapunguza redio kunisikiliza mimi.

Halafu akapiga bosi. Sophia alikuwa ameshampelekea daftari. Akasema mwalo unabaki, na nimwandikie tarehe za mwaka mzima ili apige muhuri.

Nikamwambia siwezi, bosi. Tarehe hizo hatuna sisi. Anazo Mama Kulwa, na anazitoa siku moja kabla.

Nilisikia anahema. Nikajiandaa kwa ugomvi. Akasema, "Basi nipe namba yake. Nimsalimie, nimwombe na mimi awe ananipigia."

Aisee! Mtu wa muhuri anaomba namba ya mwanika dagaa apange naye kazi. Hilo nimeliandika hapa ili nikizeeka nisije nikadhani niliota.

Sasa nimekaa na chai yangu, na kuna kitu hakinipi raha kamili. Kule mlimani, juu ya zahanati yetu, kuna akina mama wanaoponda kokoto. Nao hawaji kliniki. Nao nina maelezo yao tayari kichwani, yamepangwa vizuri, kwa nini hawaji. Sijawahi kukaa nao hata dakika tano.

Kesho napanda huko. Sibebi mashine wala sanduku la chanjo. Nitatafuta jiwe lisilo na mtu, nikae, niwaulize wanapumzika lini, halafu nifunge mdomo wangu nisikilize.